Pengo la Milimita Nane

Limaye saheb hunywa chai kwa kelele. Anavuta kwa midomo, anasema "haa," anafuta masharubu kwa kidole gumba, kisha kidole hicho hicho anakipeleka kwenye bodi yangu kunionyesha kitu. Nimemfanyia kazi miaka sita na sijazoea. Nalisema hili mapema asije akatokea mtu wa kudhani kwamba chuki yangu ilianza siku ya ajali. Siku ya ajali iliongezeka tu.

Kazi yangu ni njia ya ujumbe. Kampuni yetu iko hapa Bhosari, nyuma ya kiwanda cha kukata vyuma, na inatengeneza betri za malori madogo ya umeme, yale yanayosambaza mboga na magodoro mjini Pune. Betri moja ni masanduku ya seli yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kila sanduku lina bodi yake inayopima joto na nguvu ya seli zake. Bodi hizo lazima ziseme na kompyuta ya gari: mimi napata joto, mimi nimejaa, mimi nimechoka, acha kunikamua. Shida ni kwamba bodi zinaishi upande wa moto, penye volti mia tatu na zaidi, na kompyuta inaishi upande wa baridi, pamoja na fremu ya chuma, usukani na makalio ya dereva. Ujumbe lazima uvuke na umeme usivuke. Hilo ndilo nililoajiriwa kubuni, na nililibuni vizuri, sioni haya kujisifu.

Katikati ya bodi ya chini kabisa nilikata pengo la milimita nane. Hapana shaba, hapana plastiki, hapana chochote; ukiinua bodi unachungulia ukaona upande wa pili. Juu ya pengo imekaa transfoma ndogo, kubwa kama njugu. Ujumbe unaingia upande mmoja kama mtikisiko, unatokea upande wa pili kama mtikisiko, wala hakuna waya unaomgusa mwenzake. Kwa sababu ya pengo hilo betri nzima inaelea, haina uhusiano wowote na fremu ya gari. Fundi akigusa boliti moja kwa mkono mmoja, huku ameegemea gari, hadhuriki, kwa kuwa umeme hauna njia ya kurudia. Kila aliyepita karakana yetu amefundishwa hivyo siku ya kwanza.

Limaye saheb alilipenda pengo langu kwa sababu zake mwenyewe. Alilipa jina. Aliliita sovle.

Kwetu, bibi akishaoga alfajiri na kuvaa sari yake safi ya kumpikia mungu, anakuwa kwenye sovle, na tangu hapo hakuna wa kumgusa mpaka amalize. Ukitaka maji anakumiminia kutoka juu. Ukimletea kitu unakiweka chini, unarudi nyuma, yeye anakiokota. Bibi yangu alikuwa hivyo, na bibi wa Limaye saheb alikuwa hivyo. Sote wawili tumetoka kwenye nyumba za namna hiyo, tena za ukoo unaofanana. Na sote tunajua kwamba walikuwepo watu, wa tabaka lililohesabiwa najisi, ambao bibi, awe kwenye sovle au asiwe, hakuwaruhusu kukanyaga uani.

Akija mgeni, Limaye saheb anamshika bega na kumleta kwenye meza yangu.

"Umeona hili pengo? Hili ni sovle la umeme," anasema. "Maneno yanapita, miguso haipiti. Wazee wetu walijua mambo haya zamani, bwana, sisi tunagundua leo."

Wageni wanacheka, wengi wao wakiwa watu wa aina yake. Meza inayofuata yangu ni ya Kunda Waghmare, anayelehemu vipande vidogo chini ya hadubini, mkono wake ukiwa mtulivu kuliko wa mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Ukoo wake ndio hao ambao hawakukanyaga uani kwa bibi zetu. Kunda huja na kikombe chake cha chai kutoka nyumbani. Hakuna aliyemwambia aje nacho, na hakuna aliyewahi kumwambia asije nacho.

Mara moja tu alijibu. Aliinua macho kutoka kwenye hadubini akasema, "Na bibi yako akipigwa na umeme, saheb, nani anamshika?"

Mgeni alicheka mpaka akakohoa. Limaye saheb naye alicheka, lakini kwa meno tu. Baada ya mgeni kuondoka aliniuliza kama Kunda siku hizi ana matatizo nyumbani.

Basi mwaka huu tulipata matatizo ya kweli. Betri ikiwa imetulia, ujumbe ulipita vizuri. Mota ikianza kuzunguka, mmoja katika kila kumi ulipotea, na kwenye skrini yangu kila unaopotea ni mstari mwekundu. Kelele za mota zilikuwa zinapenya kwenye transfoma. Nilijua dawa yake: transfoma yenye ngao, na bodi mpya ya kuipokea. Nilijua pia kwamba mteja wetu, Bwana Ilango wa Chennai, alikuwa anakuja wiki ya baada ya sikukuu ya Dasara kutazama na kuamua.

"Sitamwambia Ilango asubiri eti transfoma yako ina mafua," Limaye saheb alisema.

"Haina mafua. Nahitaji mwezi mmoja."

"Mwezi mmoja huo Wachina watakuwa wameshamuuzia."

"Basi wamuuzie. Sisi tumuuzie inayofanya kazi."

"Mdomo huo, Mrunal, ndio unaokimbiza wachumba."

"Wanakimbia wenyewe, saheb. Mimi nawafungulia mlango tu."

Alivuta chai. Akasema haa. Kisha akasema neno lake. "Tufanye jugaad kidogo. Ya kupita siku moja tu."

Jugaad ni neno ambalo nchi nzima inalionea fahari. Mtu amefunga injini ya pikipiki kwenye pampu ya maji, jugaad. Mtu ametengeneza feni kwa ndoo, jugaad. Sina ugomvi na mtu wa ndoo. Lakini neno hilo likitoka kwa Limaye saheb natamani kwenda kunawa mikono. Kwake maana yake ni kuficha, na anayelipia ni mwingine.

"Pengo haliwekewi jugaad," nilimwambia.

"Nani amesema pengo?" alisema. "Nenda likizo. Wasalimie nyumbani."

Nilienda Satara kwa wazazi wangu. Siku moja kabla ya Dasara ndiyo siku ya puja, ya kuabudu zana: kila mwenye karakana anasafisha mashine zake, anazipaka uji wa manjano na unga mwekundu, anaziwekea maua na kuzivunjia nazi. Kunda yeye alikuwa ameshapanda treni kwenda Nagpur, kama kila mwaka, kwa kuwa siku ya Dasara Wabuddha wa kwetu hukusanyika huko kukumbuka siku wazee wao walipoiacha dini iliyowazuia kukanyaga nyua za watu. Karakana ilibaki na Limaye saheb na funguo zake.

Niliporudi nilikuta betri imepambwa kama bibi harusi. Kulikuwa na maua ya rangi ya chungwa kwenye masanduku na majani ya Dasara juu ya fremu. Bodi yangu ya chini ilikuwa imebandikwa donge zima la manjano na nyekundu, bichi bado ukingoni, katikati kabisa ya pengo. Niliguna. Bodi ya umeme haipakwi uji, hata uwe wa baraka. Kabla sijapata kitambaa Limaye saheb alinivuta mpaka kwenye skrini.

"Tazama."

Mota ilikuwa inazunguka. Mistari ilikuwa inapita, yote ya kijani. Nilisubiri wekundu hata macho yakaniuma.

"Umefanya nini?"

"Programu. Nimerekebisha kidogo. Nyie vijana mnadhani mzee kazi yake ni kuweka saini."

"Nionyeshe ulichorekebisha."

"Baada ya chai."

"Basi nipe ile mita ya kupimia utengano. Nipime pengo kwanza."

"Baada ya chai, Mrunal, unakimbilia wapi?" Akageuka. "Kunda, funga ule waya wa mwisho pale juu, tumalize."

Kunda alikuwa ametoka kituo cha treni moja kwa moja, mfuko wake wa safari ukiwa bado chini ya meza. Alichukua spana akaenda. Waya wa mwisho ni waya mdogo wa kupimia, unaofungwa kwenye boliti ya chanya, juu kabisa ya rundo, na nafasi ya kufanyia kazi ni finyu. Aliegemeza mkono wa kushoto kwenye fremu, kama tunavyoegemea sote. Glavu ni nene na washa, ile pete ya boliti, ni ndogo. Ikamteleza mara moja, ikamteleza mara ya pili. Akavua glavu ya kulia aishike kwa vidole. Sote huwa tunafanya hivyo. Betri inaelea, na mkono mmoja haudhuru.

Limaye saheb alikuwa amesimama karibu naye kuliko mimi, kikombe mkononi, akimtazama.

Sikusikia ukelele. Nilisikia kitu kama kofi, na Kunda akawa sakafuni chini ya benchi, na spana ikawa bado inalia kwenye zege. Nilikimbilia swichi kuu nikaivuta. Kulikuwa na harufu ambayo sitaieleza. Nilipogeuka kuomba msaada wa kumwinua, Limaye saheb alikuwa anatafuta pahali pa kuweka kikombe, na alikiweka vizuri, kwenye kisahani chake, kabla ya kuja. Akaja akasimama. Mimi na mlinzi wa getini ndio tulimbeba.

Hakufa. Namshukuru kila anayestahili kushukuriwa. Umeme uliingilia vidoleni ukatokea kwenye kigasha cha mkono wa pili, na kote kuwili uliacha shimo. Daktari alisema moyo uko salama, vidonda vitapona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia huenda visipate tena hisia. Mkono wa kulia ndio wa kulehemu.

Nilirudi karakana jioni ile ile. Limaye saheb alikuwa ameinama juu ya bodi na tochi, akinisubiri, uso wake umejaa huzuni ya kununua dukani.

"Njoo uone ujinga," alisema. "Uji wa manjano umevuka pengo. Mbichi. Umepitisha umeme. Hawa wanawake wa mezani hawa! Nani alimwambia Kunda afanye puja kwenye bodi?"

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Kunda ni Mbuddha, saheb. Hafanyi puja. Na siku hiyo alikuwa Nagpur."

"Nagpur? Kwani Nagpur kuna nini?"

Amefanya kazi naye miaka tisa. Kila mwaka Kunda anaomba ruhusa siku zile zile, na kila mwaka yeye ndiye anayeitoa huku akinung'unika. Hakuwahi kuuliza mwanamke yule anakwenda kufanya nini. Alipotafuta mtu wa kumbandikia donge lile la manjano, alimbandikia mtu pekee karakana nzima ambaye asingelishika.

"Aliyekuwa na ufunguo ni wewe," nilisema.

Alizima tochi. Kisha akahama, bila hata aibu ya mtu anayehama. "Basi ni jasho. Ametoka safari, mikono michafu, amegusagusa. Tena amevua glavu, uliona mwenyewe. Alivua au hakuvua?"

"Alivua. Uji wa manjano hauwezi kumrusha mtu namna ile, saheb. Labda ungesisimua mende. Niachie bodi niipime."

"Bodi haiguswi. Nitaisafisha kwa spiriti mwenyewe, nitafunga kifuniko, na ufunguo utakaa kwangu mpaka Ilango aje aone kwamba tumerekebisha." Akapunguza sauti, akaniwekea mkono begani, ule wenye kidole gumba cha masharubu. "Mrunal, mwanangu. Wewe ni mtu wa kwetu. Nyumba yako naijua, bibi yako namjua. Mambo haya yana upande. Kaa upande wako."

Nilitoka nje nikatema mate kwenye mtaro. Sikutema ili nionekane nimefanya kitu, maana hapakuwa na mtu wa kuniona. Mate yalikuwa yamenijaa tu, na sikutaka kuyameza.

Kesho yake nilikwenda hospitali. Kunda alikuwa amekaa kitandani anajaribu kula wali na dengu kwa mkono wa kushoto, na nusu yake ilikuwa kifuani.

"Usinilishe," alisema nilipoinua kijiko. "Nikizoea nitadai kila siku."

"Limaye saheb amekuja?"

"Amepiga simu. Bima ya kampuni ni mpaka yeye aweke saini, na ataiweka Ijumaa. Ijumaa hiyo nije karakana, nimwambie mgeni kwamba nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Kuvua glavu. Kupaka manjano. Kuzaliwa. Nadhani nichague mwenyewe."

Alicheka, mimi sikuweza. Aliufungua na kuufunga mkono wake wa kulia ndani ya bendeji, na vidole viwili havikufuata vyenzake. Aliona ninavyoviangalia.

"Nikisema nimekosea, mkono unatibiwa lakini kazi sina, maana nani anaajiri fundi aliyekiri kuunguza betri? Nikisema sijakosea, kazi sina na mkono hautibiwi. Wewe msomi wa umeme, dada. Niambie lipi lina nafuu."

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa utafanya nini? Bodi ameifungia."

Nilimfuta wali kifuani, na hilo akaniruhusu.

Ijumaa Bwana Ilango alifika na pakiti ya vitafunio vya Chennai mkononi. Ni mtu mnene, mpole, aliyeanzia kazi kwenye treni za umeme, na ana tabia ya mafundi wa zamani ya kuegemea kila anachokitazama. Limaye saheb alimkalisha, akamnywesha chai, akamsimulia ajali kwa sauti ya msibani. Mfanyakazi mmoja, maskini, hana elimu ya kutosha. Uchafu kidogo kwenye bodi. Umeshasafishwa, kila kitu ni salama, pengo ni safi kama siku lilipokatwa. Kunda alikuwa amesimama mlangoni, mkono ukining'inia kwenye kitambaa shingoni. Hakuna aliyempa kiti. Nilimpelekea changu, akakataa kwa kichwa.

"Tuwashe mota, mgeni aone," alisema Limaye saheb.

Mota ikazunguka. Nilikuwa mbele ya skrini yangu. Mistari ikaanza kupita, kijani, kijani, kijani, na mimi nikasubiri wekundu, kwa kuwa safari hii niliutaka. Transfoma ile niliyoibuni mimi, ikiwa peke yake juu ya pengo safi, lazima ingepoteza mmoja katika kila kumi. Hakuna programu ya kuzuia hilo. Nilikuwa nimeshaipekua mstari kwa mstari nyumbani, na hakuna aliyeigusa. Kama pengo limesafishwa na sasa ni safi, wekundu ulipaswa kurudi. Haukurudi. Maana yake kitu bado kilikuwa kimevuka pengo, kinachopitisha umeme vizuri kuliko uji, na kilikuwepo sasa hivi, na fremu ile ya chuma ilikuwa inasubiri mtu mwingine.

"Zima mota," nilisema. "Zima, saheb. Leta mita."

"Mita iko kwa fundi." Hakunitazama. "Kunda, njoo. Mweleze mgeni."

Kunda alisogea hatua mbili. "Nilivua glavu," alisema.

"Na nini kingine?"

"Nilivua glavu," alirudia, na akafunga mdomo.

Bwana Ilango alikuwa ameshainuka. Nadhani aliona haya kumsikiliza mgonjwa akihojiwa, akataka kulipa jambo sura ya kazi. Alitembea hadi kwenye betri. "Ulikuwa unafunga ipi, mama?" alimuuliza Kunda kwa upole. "Hii ya juu?" Na kama kila fundi aliyewahi kuzaliwa, akauegemeza mkono wa kushoto kwenye fremu, akainama, na kidole chake cha kulia kikaenda kuonyesha boliti.

Nilikuwa nimeshaondoka kwenye kiti. Nisingewahi.

"Usiguse!"

Ilikuwa ni sauti ya Limaye saheb. Sijawahi kumsikia akitoa sauti kama ile, nyembamba, ya mtoto. Chai ilikuwa imemmwagikia suruali, na kikombe kilikuwa chini, vipande vipande.

Bwana Ilango alisimama vile vile alivyokuwa, kidole hewani. Kisha akautoa mkono kwenye fremu taratibu, akaurudisha ubavuni, akarudi nyuma. Nilizima mota. Nilivuta swichi kuu.

"Umeniambia ni safi," Bwana Ilango alisema.

Limaye saheb aliinama kuokota vipande vya kikombe.

"Fungua, mama," Bwana Ilango aliniambia.

Nilimnyooshea Limaye saheb kiganja, akaniwekea ufunguo. Ulikuwa umelowa jasho. Nilifungua kifuniko. Alikuwa ameisafisha bodi kweli, kwa spiriti, ikang'aa. Mahali palipokuwa na donge la manjano palikuwa na waya. Waya mwembamba wa shaba, umelehemiwa vibaya huku na huku, umeruka pengo langu kutoka upande wa moto hadi upande wa baridi. Umeunganisha hasi ya betri na fremu ya gari, na kelele za mota zikapata njia ya kupita, na mistari yote ikawa ya kijani. Donge lile aliliweka juu yake ili mimi nisiuone. Alichukua rangi ya kuombea zana akaifanya plasta.

Kunda alikuja akasimama karibu yangu akautazama waya, akiinama kidogo, kama anavyoinama kwenye hadubini. Akautazama kwa muda. Kisha akamgeukia Limaye saheb.

"Ulikuwa umesimama pale," alisema. "Niliona viatu vyako. Nilivua glavu mbele yako." Hakupandisha sauti. "Huyu bwana umemwambia asiguse. Mbona mimi hukuniambia?"

Limaye saheb alikuwa anaifuta suruali yake kwa leso. Alifuta, akafuta, mpaka hapakuwa na cha kufuta. Kisha akainua uso, akanitazama mimi.

"Mwambie," alisema, "sikudhani atagusa."

Kunda alikuwa karibu naye kuliko mimi. Angenyoosha mkono angemfikia. Sikumfikishia Kunda maneno yake.

"Nina masikio, saheb," alisema Kunda.